Kiwanja Nilipimiwa kwa Hatua, Sasa Naambiwa Nirudishe Ukuta

SWALI: Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Isyesye, jijini Mbeya, kwa mzee aliyekuwa akilima mahindi hapo. Tulipima kwa hatua, tukaandikiana mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, nami nikajenga. Sasa wapimaji wa urasimishaji, yaani zoezi la kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, wanataka ukuta wangu urudi ndani mita mbili na nusu ili barabara ipite, na upande wa chini, kwenye kijito, wamekataa kuweka bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Je, naweza kukataa, au kudai fidia?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Pole, ndugu msomaji, ingawa nitakuambia jambo ambalo huenda usilipende: barabara hiyo haikupotezwa na wapimaji, ilipotea siku mlipopima kwa hatua. Mzee alikuuzia shamba lote mpaka mwisho wa matuta, jirani yake akafanya vivyo hivyo, na katikati hakuna aliyebakiza njia.

Nanyi mko wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603. Watu hao wote wamejibana kati ya milima, kwa kuwa mji umefuata barabara kuu ya kwenda Tunduma na reli ya TAZARA, na anayekosa nafasi karibu na lami hupanda mlimani au hushuka bondeni. Kupanda nako kuna gharama yake: Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilishuka Itezi na kufukia nyumba pamoja na shule.

Karatasi yenu ya mtaa si bure, kwani ni ushahidi kwamba mliuziana, na ndiyo inayokuingiza kwenye urasimishaji ambao Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua. Lakini si hati. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99 juu ya kiwanja kilichopimwa na chenye njia ya kufikika, wakati leseni ya makazi, kibali cha muda ambacho wengi hukichanganya na hati, haizidi miaka mitano.

Kuhusu fidia, kwa kawaida urasimishaji huendeshwa kwa makubaliano ya wakazi, ambapo kila mmoja huchangia kipande chake bila kulipwa. Unaweza kukataa, lakini mchoro wa mtaa mzima utakwama kwako. Mimi nisingekataa. Nimewahi kuona mtaani kwetu gari la majitaka likisimama mbali kwa kuwa njia ilikuwa kichochoro tu, mpira wake ukipitishwa juu ya kuta za watu wawili na kuishia hatua chache kabla ya choo kilichojaa. Mwenye nyumba akaishia kuwalipa vijana wa ndoo. Msiba ukitokea, jeneza nalo hupita kwenye kichochoro hicho hicho, limeinamishwa upande. (Zimamoto hata tusiizungumzie.)

Kijito ni habari nyingine, na hapo hakuna makubaliano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo wapimaji hawakukuonea. Kama nyumba yenyewe imo ndani ya mita hizo, usitumie fedha kuongeza vyumba. Kama ni bustani tu, panda majani ya kushika udongo, kwa sababu mvua za Machi na Aprili hazitakuuliza una hati au huna.

Unachopaswa kudai ni usawa. Nenda ofisi ya mtaa, omba kuuona mchoro wa mipango miji, na uangalie kama jirani wa ng'ambo ya njia naye anatoa mita zake. Kama wewe peke yako ndiye unayetoa, peleka pingamizi lako kwa maandishi kwa afisa ardhi wa jiji kabla mchoro haujaidhinishwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukuta usiuvunje sasa. Subiri bikoni zisimikwe, kisha ubomoe kwa utaratibu ili tofali zitumike tena, na ujenge mpya ndani ya bikoni, si juu yake.