Kinu Kimeidhinishwa kwa Maji Gani?

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukagua boila za viwanda vya sukari huku magharibi. Tangu Siaya ianze kutajwa kuwa huenda ndiko kinu cha kwanza cha nyuklia nchini kitakapojengwa, sipiti stejini Kisumu bila mtu kunisimamisha: "Injinia, hicho kitu ni salama kweli?" Mimi si mtu wa nyuklia. Ila aliyezoea kusoma karatasi za usalama za chombo chenye mvuke na presha anaweza kufuata hoja za karatasi za kinu, hata kama hesabu zenyewe zitamshinda.

Siku mtakapoambiwa barazani kwamba muundo fulani umeidhinishwa Marekani au Uingereza, msipige makofi na msizomee. Ulizeni umeidhinishwa kwa hali gani. Idhini ya muundo hupewa mchoro pamoja na orodha ya mambo yaliyokubaliwa kuwa kweli: tetemeko lisizidi nguvu hii, maji ya kupozea yasizidi joto hili, umeme wa gridi ukikatika pawe na njia hii na ile. Eneo likitoka nje ya orodha hiyo, kuna kazi mpya ya kufanya, hata kama cheti kina mihuri ya dunia nzima.

Kiwanda kimoja kiliwahi kuleta boila mpya kutoka nje, cheti safi kabisa. Na cheti hakikudanganya. Shida ni kwamba kilitolewa kwa maji ya aina fulani, na mto wa pale msimu wa mvua hujaa tope. Tulipoifungua, ndani ya mabomba kulikuwa na ukoko wa kahawia. Ukiukwaruza kwa bisibisi unabanduka vipande vipande. Chuma kilikuwa kizuri, hakuna aliyekuwa ameuliza habari za mto.

Sasa lifikirieni ziwa letu la Victoria. Kinu kikizimwa, joto halikatiki papo hapo, maana mabaki ndani ya fueli huendelea kulitoa. Kinu cha megawati 1,000 za umeme huzalisha joto la megawati 3,000 hivi, na mara tu baada ya kuzimwa hubaki na takriban asilimia 6 au 7 ya joto hilo. Hizo ni kama megawati 200, zaidi ya mara tatu ya umeme wote wa kituo cha maji cha Sondu Miriu, na lazima ziende mahali. Kule Fukushima, Japani, Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Mawimbi ya bahari ndiyo yaliyoua umeme wa kupozea. Kwa hiyo swali la kama gugumaji litaziba maji ya kupozea si la mzaha, wala wavuvi wasione haya kuliuliza. Kwenye kituo cha nyuklia cha Torness, Scotland, mwaka 2011 vinu viwili vilizimwa kwa sababu viumbe laini vya baharini viitwavyo konyeza viliziba njia ya kuvuta maji. Aliyewahi kuona Ghuba ya Winam ikifunikwa kijani mpaka boti zinakwama anajua tunazungumzia nini. Na ziwa lenyewe hupanda: mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda zaidi ya mita mbili, na 2020 likawatoa watu majumbani.

Umeme nao. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Muundo wa kinu cha Kimarekani uitwao AP1000, kwa mfano, unasifiwa kwa kuweza kujipoza saa 72 bila umeme wa nje na bila mtu kugusa kitu. Ni sifa ya kweli, na kubwa. Mimi ningeuliza: saa ya 73 nani analeta maji, kwa barabara gani?

Kuhusu matetemeko nitapita haraka. Lile la Subukia la Januari 1928 lilikuwa na ukubwa wa 6.9. Siaya iko mbali na Bonde la Ufa kuliko Subukia, na hiyo ni heri, lakini kuonyesha kwa vipimo kwamba umbali unatosha ni mzigo wa anayeomba leseni.

Wengi huona maswali mengi ya mdhibiti, yaani ofisi ya serikali inayokagua usalama wa kinu, kama dalili ya muundo mbovu. Mimi nayaona kinyume: ukaguzi usio na maswali ndio wa kutiliwa shaka. Novemba 2009 wadhibiti wa Uingereza, Ufaransa na Finland walitoa tamko la pamoja kuhusu EPR, muundo wa kinu kutoka Ufaransa. Kompyuta za kukiendesha kila siku zilikuwa zimefungamana mno na zile za kukiokoa siku ya hatari, hivi kwamba hitilafu moja ingeweza kuzigusa zote. Wakati huo EPR ilikuwa tayari inajengwa Finland na Ufaransa! EPR ya Uingereza ikaongezewa mfumo wa akiba usiotegemea kompyuta, na muundo haukuidhinishwa huko mpaka Desemba 2012. Hiyo ndiyo kazi ya mdhibiti, na ndiyo sababu huchukua miaka.

Vinu vidogo vinavyosifiwa siku hizi navyo havipiti mlango wa nyuma. Kampuni ya Kimarekani ya NuScale ilipeleka maombi kwa mdhibiti wa huko mwisho wa 2016, na muundo wake wa megawati 50 ukaidhinishwa kikamilifu 2023. Kampuni ilipotaka megawati 77 kwa kila kinu, ilibidi ukaguzi mwingine, uliokamilika Mei 2025. Mchuuzi akiwaambia "ni kile kile, tumekiongeza nguvu kidogo tu", mkumbuke hapo.

Mjue pia mnazungumza na nani. NuPEA ndiyo inayoendeleza mpango wa nyuklia. KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ndiyo mdhibiti. Afisa akisimama mbele yenu, muulizeni kwa heshima ametoka upande upi, kisha mpime maneno yake kwa jibu hilo. Mimi ningependa kuwasikia wa KNRA wakiongea zaidi ya wale wengine.

Na msiishie kwenye kuuliza kwa mdomo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la maandishi. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andikeni barua fupi, ukurasa mmoja. Ombeni orodha ya hali za eneo ambazo muundo ulikaguliwa nazo, vipimo vya Siaya viwekwe pembeni yake mstari kwa mstari, na maswali yote ambayo mdhibiti ameuliza na bado hayajajibiwa. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.