Kipanya kinanichelewesha: nianze na vitufe gani vya Excel?

Swali: Habari mwalimu. Mimi ni karani katika duka la vipuri vya magari, Kirinyaga Road. Mauzo yote nayaweka kwenye Excel, na faili limeshapita mistari elfu tisa. Kushuka hadi chini kwa kipanya kunanimalizia muda. Tena jina la mteja huliandika mara moja tu, na kwa bidhaa zake zinazofuata naacha pa jina wazi. Nikichuja jina hilo napata mstari mmoja. Nimepewa orodha ndefu ya mikato ya kibodi, sijashika hata mmoja. Nianzie wapi?

Jibu: Salama, dada. Orodha hiyo iweke kando. Anza na vitufe vya kutembea na kuchagua, vingine vitakujia kazini.

Shika Ctrl, bonyeza mshale wa chini: umefika mwisho wa data. Ukiongeza Shift, seli zote za njiani zinachaguliwa. Ctrl+Home hukurudisha juu. Ila mwendo huo hukatizwa na seli tupu, kwa hiyo kwenye kolamu yako ya majina utakwama kila hatua. Shukia kolamu ya bei, isiyo na mapengo. Na ukijaribu kwenye kolamu tupu kabisa utatupwa mstari wa 1,048,576, wa mwisho katika Excel tangu toleo la 2007. Usishtuke, data yako ipo.

Kama unaruka mstari kati ya siku na siku ili karatasi ipendeze, acha. Kichujio cha Ctrl+Shift+L nacho huishia hapo kwenye mstari mtupu. Uchague kwa Shift+Space, uufute kwa Ctrl na alama ya kutoa.

Sasa majina. Hifadhi nakala ya faili kwanza. Simama kwenye kolamu hiyo, bonyeza Ctrl+Space kuichagua yote, kisha F5, Alt+S, K, Enter. Zimebaki seli tupu tu ndizo zilizochaguliwa. Usiguse kipanya! Andika =, bonyeza mshale wa juu mara moja, malizia kwa Ctrl+Enter; Enter peke yake hujaza seli moja tu. Kila pengo litachukua jina lililo juu yake.

Lakini majina hayo bado ni fomula, yaani kila moja linanakili tu seli iliyo juu yake, na siku utakapopanga mauzo upya kwa bei, mteja mmoja atabeba deni la mwingine. Chagua kolamu tena, Ctrl+C, halafu Ctrl+Alt+V, V, Enter. Hapo yamekuwa maandishi ya kawaida.

Kuanzia kesho usiache pengo: Ctrl+D hunakili kilicho juu, ni haraka kuliko kuacha wazi. Ctrl na nukta-mkato (;) huweka tarehe ya leo, na haitabadilika ukifungua faili kesho. Hakikisha tu kompyuta haijawekwa mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Tarehe 5 Machi itaonekana 3/5, na mhasibu wako ataisoma Mei.

Kwenye laptopu nyingi F5 hubadilisha mwanga au sauti, basi bonyeza pamoja na Fn. Na ikiwa duka linatumia Google Sheets, Ctrl+D na mkato wa tarehe vinafanya kazi, ila hatua za kujaza mapengo kwa F5 hazipo huko. Faili lipakue, ulitengeneze kwenye Excel, kisha ulirudishe.