Jibu: Paka mdogo hataki kushuka kwenye kochi

Salaam ndugu. Unasema paka wako wa miezi mitatu ukimshusha kochini anarudi palepale. Kwanza angalia anapandia nini: kulala au kunoa kucha. Kama ni kulala, anatafuta joto na mahali pa juu, hasa baridi hii ya Dodoma ya Juni na Julai. Mwekee boksi lenye blanketi juu ya stuli, karibu na kochi hilohilo. Kama ni kucha, zungushia kamba ya katani gogo la urefu wa sentimita 80 hivi, lenye kitako kizito; likiyumba hataligusa tena. Kochi lifunike kwa foili kwa muda. Akienda kwenye boksi au gogo lake, mpe dagaa mmoja asiye na chumvi papo hapo. Kumpiga hakusaidii, atakuogopa wewe, ukitoka anapanda. Na watoto wasimpakate kochini!