Barua ya kuomba mwenendo: mpelekee nakala mpinzani wako, hata kama hamsalimiani

Dogo wa Tandahimba, simama hapo hapo. Uzi wako nilishaupita, nikarudi kwa sababu ya sentensi moja tu: "kuna mzee anajua sheria katuambia tukishaweka notisi ya rufaa tutulie, Mahakama ya Rufani itatuita." Huyo mzee nadhani namfahamu. Kama si yeye, basi wamesoma darasa moja.

Kwa mliochelewa kufika: mama yake huyu bwana mdogo kashindwa kesi ya shamba la mikorosho kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kakata rufaa Mahakama Kuu hapa Mtwara, kashindwa tena. Mpinzani ni baba mkubwa wa dogo mwenyewe. Hukumu ina kama wiki mbili, notisi imeshaingia. Sasa anauliza Mahakama ya Rufani inaamuaje, kama kesi ya shamba inakwenda sawa na ya jinai ya binamu yake aliyefungwa na ya kaka yake aliyefukuzwa kazi, majaji watakwenda kuiona mikorosho au la, gharama, muda, na kadhalika.

Hayo baadaye. Kwanza barua.

Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, kwenye madai (kesi zisizo za jinai, kama hii ya shamba) inawekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mpinzani anapelekewa nakala yake ndani ya siku 14 baada ya kuiweka. Hiyo Kanuni ya 83 na 84, Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009. Kisha, kuanzia siku ya notisi, una siku 60 za kufungua rufaa yenyewe, pamoja na kitabu kizima cha kumbukumbu za rufaa. Na hicho kitabu, kwenye madai, unakiandaa WEWE. Ndani yake lazima kuwe na mwenendo wa shauri uliothibitishwa, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani, na mwenendo hauchapwi kwa usiku mmoja. Sheria inalijua hilo, ndiyo maana Kanuni ya 90 inasema siku ambazo Msajili wa Mahakama amezitumia kuandaa nakala zisihesabiwe. Atakupa cheti kinachozitaja. Ila ili cheti hicho kikufae, uwe umeomba nakala kwa maandishi, uwe umeomba ndani ya siku 30 tangu hukumu, na nakala ya barua yako ya maombi UWE UMEMPELEKEA MJIBU RUFAA, yaani mpinzani wako.

Hilo la mwisho ndilo lililonila mimi.

Kesi yangu ilikuwa ya kiwanja, jirani kasogeza ukuta. Notisi niliweka mapema. Barua kwa Msajili niliandika mapema vilevile, imegongwa muhuri wa masjala, safi kabisa, nikaitia kwenye bahasha ya nailoni kama cheti cha ndoa. Cheti cha Msajili nikapata. Vitabu nikachapisha, nikabana kwa spairo, nikafungua rufaa. Nikasubiri kikao. (Mahakama ya Rufani ni moja nchi nzima tangu 1979, ila majaji wake wanazunguka mikoani kwa vikao, na Mtwara wanafika.) Siku ikafika, majaji watatu wamekaa, nimevaa koti la harusi ya mdogo wangu. Wakili wa jirani akasimama kabla sijafungua kinywa: ana pingamizi la awali, rufaa imeletwa nje ya muda. Nikacheka kimoyomoyo, nina cheti bwana! Jaji mmoja akaniuliza kwa upole sana, nimwonyeshe kwenye kumbukumbu mahali mjibu rufaa alipopokea nakala ya barua ile. Nikafunua. Nikafunua tena. Barua ile ilikuwa na muhuri mmoja tu, wa masjala. Chini, pale ambapo ingeandikwa "Nakala kwa:", palikuwa peupe.

Basi. Cheti kikawa hakinisaidii, siku zikahesabiwa zote tangu notisi, rufaa ikaondolewa. Hakuna hata neno moja lililosemwa kuhusu ukuta. Niliyajua mambo ya ule ukuta kuliko fundi aliyeujenga, na hakuna aliyeniuliza! Ni sawa na kupeleka korosho ghalani ukarudi bila stakabadhi: mzigo ni wako, kijiji kizima kinajua, lakini siku ya malipo unasoma nini?

Sasa nimzungumzie aliyeniandikia barua hiyo. Ni wakili kishoka, yaani wa mtaani asiye wakili kweli, ana kibanda cha kuchapa, simtaji na msiniulize inbox. Nilimuuliza kabisa: mzee, hii si inatakiwa aione na jirani? Akaniambia, nami namnukuu kwa uchungu, "unamwonyesha adui silaha ya nini?" Na mimi nikaona lo, huyu mtu kichwa kinachemka. Nikamlipa na soda juu.

Hakuwa mwongo moja kwa moja, na hapo ndipo swali lako la kesi za aina tofauti linapoingia. Alikuwa amemsaidia kijana mmoja wa jinai. Kwenye jinai mfungwa anatoa notisi yake kupitia Mkuu wa Gereza, na kumbukumbu za rufaa zinaandaliwa na Msajili, si na mfungwa. Kwa hiyo yule kijana kweli aliweka notisi akatulia, akaitwa, akasikilizwa, akashinda! Kishoka akapata jina mtaa mzima. Akachukua utaratibu wa jinai akaupachika kwenye kiwanja changu. Binamu yako akikwambia "mimi sikuandika barua kwa mtu," anasema kweli, na ukimfuata unaangamia.

Mtu atakuja hapa kuniambia siku hizi kuna haki bila kubanwa na masharti ya kiufundi. Ndugu, nililisema hilo mbele ya majaji. Nilitaja Ibara ya 107A ya Katiba kama niko bungeni Dodoma. Nikataja na yale mabadiliko ya 2018 yaliyoingiza lengo kuu la kutenda haki kwa wepesi. Msimamo wa Mahakama uko wazi kwenye hukumu nyingi: lengo hilo halikuja kufuta kanuni za lazima, hasa za muda. Nenda TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu, ukasome, ni bure, utakuta wenzetu wamelia humo kwa Kiingereza sanifu.

Nilipoondolewa nilidhani nimekwisha. Kumbe rufaa kuondolewa si kutupwa. Unaweza kurudi, lakini kwanza uombe kuongezewa muda, na hapo unaeleza kila siku uliyochelewa, hata ikiwa moja. Vigezo viko kwenye ile kesi ya Lyamuya Construction ya 2010, ombi la madai namba 2: ueleze kipindi chote, ucheleweshaji usiwe uliopitiliza, uonyeshe hukuzembea, au kuwe na jambo zito kama uharamu kwenye hukumu yenyewe. Hati yangu ya kiapo ilikuwa ndefu kuliko hukumu. Wakati mimi naapa, jirani anapaka ukuta rangi. Na kumbuka, notisi ya rufaa peke yake haizuii hukumu kukaziwa, yaani kutekelezwa. Dalali wa mahakama hasubiri rufaa yako. Mkipata taarifa ya kukaziwa, ombi la kuzuia utekelezaji lina siku 14.

Haya, maswali yako.

Majaji hawaendi shambani kuhesabu mikorosho. Mama anakwenda rufaa ya pili, na kwenye rufaa ya pili Mahakama haigusi ukweli ambao ngazi mbili za chini zimekubaliana, labda ionekane ushahidi ulisomwa vibaya mno au haki ilipindishwa. Shahidi mpya msahau. Kwa hiyo acheni kuandika sababu za rufaa zinazosema "mheshimiwa hakuniamini." Tafuteni kosa la kisheria. Kwa kesi za barazani kuna moja la kuangalia kabla ya yote: maoni ya wajumbe. Mwenyekiti anakaa na wajumbe, na kabla ya hukumu kila mjumbe atoe maoni yake kwa maandishi, yasomwe wahusika wakiwepo. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya mabaraza kadhaa kwa sababu hiyo peke yake, ikiwemo kwenye rufaa moja dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya ya 2017, na kesi kuanza upya. Mwenendo ukiupata, anza na ukurasa wa mwisho kabla ya hukumu. Kama mwenyekiti ameandika tu "nimezingatia maoni ya wajumbe" na maoni yenyewe hayaonekani popote, mna cha kusema.

Ruhusa ya kukata rufaa hamhitaji tena, sheria ya 2023 imeiondoa. Wale ambao kesi zao zilianzia Baraza la Kata enzi zile, au Mahakama ya Mwanzo (mirathi zetu nyingi za Mikindani na Kilwa zinaanzia huko), bado wanahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria. Nyie mlianzia baraza la wilaya, hilo haliwahusu.

Kaka yako wa kazi: kutoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi anakwenda Mahakama Kuu kwa maombi ya marejeo (kuomba uamuzi upitiwe upya) ndani ya wiki sita, kisha Rufani kwa hoja za kisheria tu. Kodi haigusi Mahakama Kuu kabisa, inatoka Bodi ya Rufani za Kodi kwenda Baraza la Rufani za Kodi, halafu moja kwa moja Rufani, nako ni sheria tupu. Usichukue utaratibu wa mmoja ukampa mwingine.

Turudi kwenye barua, maana najua utaisoma hii yote halafu ukamwogope baba mkubwa. Mmeshagombana, msibani mnakaa mikeka tofauti, sasa umpelekee karatasi? Ndiyo. Kama ana wakili anayeendelea naye, peleka ofisini kwa wakili, nakala yako igongwe muhuri na tarehe, yakaisha. Kama hana, nenda na mtu mzima anayeheshimika, mwenyekiti wa kitongoji akipatikana ni bora zaidi, mpe shikamoo yake, mpe karatasi, asaini kwenye nakala yako na aandike tarehe. Akikataa kusaini usibishane, aliyepeleka aape kiapo kwamba alimkabidhi siku fulani mahali fulani. Na hata kama barua imeingia kwenye mfumo wa mtandao wa Mahakama, bado pata ushahidi kwamba mwenzako ameipata. Usiseme "atakuwa ameona."

Na usikae ukisubiri simu ya masjala milele. Tangu mabadiliko ya 2019, nakala zinatakiwa ziwe tayari ndani ya siku 90 tangu uombe, na hata usipoitwa, ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 unatakiwa wewe mwenyewe uende kuzifuata. Hilo nalo yule mzee hakuwaambia, eti?

Hukumu ina wiki mbili, kwa hiyo mna nusu ya muda. Barua ni ya aya mbili: namba ya rufaa, tarehe ya hukumu, naomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo, hukumu na tuzo (ile amri inayotokana na hukumu) kwa ajili ya kukata rufaa. Chini "Nakala kwa:" jina la baba mkubwa. Chapa tatu. Kesho masjala, Jumamosi kwa baba mkubwa, na kama yuko shambani anapalilia mfuate huko huko. Akishasaini piga picha, funika majina, iweke hapa niione tarehe.

Gharama kuna mtu atakujibu, mimi zangu nikizikumbuka presha inapanda.