Begi la kubebea nyama ya elki

SWALI: Kaka habari, mi niko Boise, Idaho, vuli hii nawinda elki (wale kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini) kwa mara ya kwanza. Mwaka jana nilimsaidia jirani kubeba paja kwa begi la kawaida, mikanda ikanikata mabega hadi vidole vikafa ganzi. Ninunue begi gani moja la kazi zote?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, begi lisilo na fremu ndo lilikuponza, uzito wote ulining'inia mabegani. Elki dume mkubwa hata ukitoa mifupa yote nyama inaweza kufika kilo 90, so ni safari tatu nne hizo, kila moja kilo 25 au 30. Tafuta lenye fremu ngumu na mkanda mnene wa kiunoni, mzigo ukae kwenye nyonga, mabega yasaidie tu. Na begi liwe linaachana na fremu, mfuko wa nyama unauweka hapo katikati, juu, umegusana na mgongo, unakaza mikanda mpaka usicheze, maana nyama ikining'inia kwa nyuma inakuvuta chali mlimani. Asubuhi begi hilohilo umelibana lina maji na kisu tu, jioni linabeba paja zima. Kampuni moja ya Marekani inaitwa Kifaru (jina letu kabisa hilo!) wanatengeneza za hivyo, bei imechangamka ila mtumba zipo. Kabla hujalipa omba wakupakilie kilo 20 utembee nalo dakika 10 humo dukani, mkanda ukiteleza toka kwenye nyonga, hilo liache.