Kadi ya grafiki haiingii kwenye sloti: je, nikate?

SWALI: Nina kompyuta ya zamani yenye sloti ya kahawia iliyo peke yake juu ya sloti nyeupe. Nimepata kadi ya grafiki ya AGP (aina ya sloti ya kadi za grafiki), lakini haiingii. Pengo la kadi liko upande wa bati la skrubu, ilhali kizuizi cha sloti kiko upande wa mbali. Naweza kuikata kadi kidogo iingie? Na kwa nini walibadilisha sloti mara nyingi hivi?

JIBU: Usikate, tafadhali. Nimeshika mazabodi (bodi kuu za kompyuta) zilizokufa kwa kosa hilihili, na hakuna cha kuzitengeneza.

Pengo hilo linatambulisha umeme. Kadi yenye pengo karibu na bati hutumia volti 3.3, yenye pengo upande wa mbali hutumia volti 1.5. Kadi yako ni ya kundi la kwanza, sloti yako ni ya kundi la pili. Ukilazimisha, volti 3.3 zitaingia kwenye chipu iliyotengenezwa kwa nusu ya umeme huo. Mazabodi za Intel 845, kwa mfano, hazivumilii kabisa.

Umeme ulishushwa kwa ajili ya kasi. Ishara inayopanda hadi volti 1.5 hufika mapema kuliko inayopanda hadi 3.3, na kasi ndiyo imefukuzwa tangu mwanzo. Sloti ya ISA, iliyotangulia hizi zote, ilianza na IBM PC mwaka 1981 ikiwa na biti 8, ikawa na biti 16 mwaka 1984. Iliposukumwa vizuri ilipitisha kama megabaiti 8 kwa sekunde. Sasa piga hesabu: picha moja ya nukta 800 kwa 600, yenye rangi za biti 24, ni megabaiti 1.44. Kwa njia hiyo unapata picha tano tu kwa sekunde. Kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi ilitosha. Windows ilipokuja, dirisha likawa linajichora huku unalitazama.

Mwaka 1992 zilikuja dawa mbili. VESA Local Bus iliunganisha kadi karibu moja kwa moja na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya 486. Ilikuwa na kasi nzuri, lakini sloti yake ilikuwa ndefu mno na ilitegemea prosesa hiyo, kwa hiyo Pentium, prosesa iliyofuata, ilipoenea ikatoweka. PCI haikuifuata prosesa yoyote, ndiyo maana ikadumu. Hizo nyeupe zako ndizo PCI. Zinapitisha megabaiti 133 kwa sekunde, ila kadi zote hugawana: diski, mtandao na picha foleni moja.

AGP iliitoa kadi ya grafiki kwenye foleni hiyo kuanzia 1997. Ilipewa njia yake peke yake, megabaiti 266 kwa sekunde, na toleo la 8x (kasi mara nane) likafika 2,133. Kisha PCI Express, sloti mpya zaidi, ikaanza kuonekana kwenye mazabodi mwaka 2004 na AGP ikafifia.

Kwa hiyo tafuta kadi ya AGP yenye pengo la mbali, au yenye mapengo mawili. Hiyo ya mapengo mawili soma kwanza maelezo ya modeli yake, maana zipo kadi chache zilizokatwa hivyo na bado zinataka volti 3.3. Kadi ya 8x nayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye sloti ya 4x. Ukikosa zote, kadi ya PCI itawasha skrini, ingawa michezo itakwama.

Ukishaipata, chomoa waya wa umeme, ibonyeze hadi ndoano ya mwisho wa sloti ishike, ndipo ufunge skrubu. Ukikaza skrubu kabla, mkia wa kadi huinuka kidogo na kompyuta haitawaka.