Kabla Hujapaka Rangi Kiwanda Kilichofungwa

Mtu akipata kiwanda kilichofungwa na kutaka kukigeuza kitovu cha ubunifu, yaani mahali pa kampuni changa kufanyia kazi, kwanza humtafuta msanifu majengo. Katika miradi niliyoshiriki, nimejifunza kuanza na mpima udongo. Kabla hajafika, watafute wafanyakazi wastaafu wa kiwanda. Wao ndio wanaojua matangi ya mafuta yalifukiwa wapi na maji machafu yalimwagwa upande gani, mambo ambayo ramani nyingi hazionyeshi. Palipokuwa na karakana ya chuma, uliza kuhusu trikloroethilini, kiyeyusho chenye sumu kilichotumika kuondolea grisi. Kikishazama ardhini, mvuke wake unaweza kupenya nyufa za sakafu miaka mingi baadaye na kuingia ofisini. Paa na vifuniko vya mabomba navyo vipimwe asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kabla fundi hajatoboa hata tundu moja. Gharama za usafishaji zijue kabla ya kutia saini. Ndizo zitakazokupa nguvu ya kupatana bei.

Jengo likishathibitika salama, usikimbilie kulikarabati lote. Hapa ndipo ninapobishana na wawekezaji wengi. Kampuni changa hufuata kodi nafuu ya pango, nafasi pana na ruhusa ya kugongomea misumari ukutani. Ukimwaga fedha kwenye vioo na marumaru, kodi itapanda, na uliowakusudia wataishia getini. Anza na upande mmoja: paa lisilovuja, umeme, intaneti, vyoo, milango ya dharura. Mengine yafuate mahitaji ya wapangaji.

Wala usiuze vyuma chakavu kwa pupa. Umeme wa fezi tatu unaoendesha mashine kubwa, kreni, mlango wa kuingilia lori na sakafu ya kubeba mashine nzito ni vitu ambavyo muunda roboti havipati kwenye ghorofa la ofisi. Brooklyn Navy Yard ya New York ilikuwa ikiunda meli za kivita hadi ilipofungwa 1966. Leo watengenezaji wa bidhaa na kampuni za teknolojia wamo humo pamoja.

Kuhusu fedha, wengi hunitajia Station F ya Paris, ghala la reli la miaka ya 1920 lililofunguliwa upya 2017 kama kitovu cha kampuni changa, likiwa na mita za mraba 34,000. Vizuri, lakini nyuma yake yupo bilionea Xavier Niel. Kama humfahamu bilionea, tazama Durham, Marekani: kiwanda cha sigara kilichofungwa 1987 kilifunguliwa tena 2004 kikiitwa American Tobacco Campus, na Chuo Kikuu cha Duke kikawa miongoni mwa wapangaji wa mwanzo. Benki hulainika zikiona mkataba wa mpangaji wa aina hiyo. Mpangaji huyo mkubwa mpe sehemu tu ya jengo, tena kwa mkataba mrefu; wadogo wape mikataba mifupi yenye kipengele cha kuongeza nafasi, maana kampuni ya watu wanne ikikua ghafla na ikakosa chumba cha pili, itahama na wateja wake.